SOMO LETU: NANI ANA MADARAKA JUU YA CHANJO?

Ndugu wafanyakazi wa famasia na maduka ya dawa,

Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: "Mwajiri akituambia tuchome chanjo dukani, na ofisa akatukataza, tumsikilize nani?" Tulisome jambo hili pamoja. Anayekosea hapa huweza kupoteza kazi, na mgonjwa huweza kupoteza maisha.

Kwanza tuijue nchi yetu. Uganda si nchi ya federo. Buganda ilikuwa na federo katika Katiba ya 1962, ikaondolewa na ile ya 1967. Marekani wanayo mpaka leo: serikali kuu huidhinisha chanjo, lakini kila jimbo humpa mfamasia leseni yake na kusema anaruhusiwa kuchoma chanjo zipi. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba ya 2010, waliziachia kaunti hospitali na famasia za kaunti, na sera ya afya ikabaki kwa serikali ya taifa.

Kwetu madaraka yamegawanywa hivi:

1. Sera. Katiba ya 1995 imeiweka sera ya afya mikononi mwa serikali kuu. Wizara ya Afya ndiyo hupanga chanjo za umma na umri wa kuchanjwa.

2. Dawa na duka. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, yaani NDA, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, huandikisha dawa na kutoa leseni za famasia na maduka ya dawa. Wilaya haina madaraka hayo.

3. Utoaji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ilizipa wilaya vituo vya afya. Bohari ya Taifa ya Dawa hupeleka chanjo wilayani, na wilaya huzifikisha vituoni.

4. Kampala. Mji wetu si wilaya kama nyingine. Tangu 2011 unaendeshwa na KCCA kwa niaba ya serikali kuu.

Basi tushike neno hili: leseni ya duka si ruhusa ya kuchoma sindano. Dawa ina ruhusa yake, duka lina yake, na mtu mwenye sindano ana yake. Moja ikikosekana, kazi isimame.

Tukumbuke mwaka 2021. Korona ilipopamba moto, watu hapa Kampala walilipa fedha wakachomwa chanjo za bandia. Serikali ilipozipima, ilitangaza kwamba nyingi zilikuwa maji. Ndiyo maana sheria hizi zisionekane usumbufu wa maofisa tu. Zinamlinda mgonjwa, na zinatulinda sisi.

Mwajiri akikuagiza kuchoma chanjo, muulize kwa heshima:

(a) Chanjo hii imeandikishwa na NDA, na imetoka wapi?
(b) Friji ina kipimo, na joto linabaki nyuzi 2 hadi 8?
(c) Nani ameniruhusu mimi kuchoma, na karatasi iko wapi?

Amri ya mdomo husahaulika siku ya kesi, karatasi haisahau. Ukikataliwa karatasi, usigombane peke yako. Mwone katibu wa tawi.

Maswali ya kujadili tawini: Je, leseni ya duka lenu imebandikwa ukutani? Umeme ukikatika usiku, nani huangalia friji? Nani kati yenu amefundishwa kuchoma chanjo, na ana cheti?

Umoja ni nguvu.