Wimbo wa Upinde: Somo juu ya Maombolezo ya Taifa

Yasomwe kwanza: 2 Samweli 1:17–27, na 2 Mambo ya Nyakati 35:20–25.



Usiku wa tarehe 17 Machi mwaka 2021 ilitangazwa habari ya kifo cha Rais John Magufuli, na kulipokucha redio zilikuwa zimeacha nyimbo za furaha. Huku Ifakara habari ile ilikuwa na uzito wa namna yake, kwa kuwa daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, laitwa kwa jina lake. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa kivuko, na mwezi Januari mwaka 2016 kivuko kilipinduka. Basi hata mtu asiyejishughulisha na mambo ya serikali alikuwa amepita juu ya jina la marehemu, akienda Mahenge au akirudi.

Kila mara taifa lipatwapo na msiba wa namna hii, huulizwa swali katika sharika zetu: Je, yafaa Mkristo afarijiwe na nyimbo zisizomo katika kitabu cha nyimbo? Wako wasemao kwamba wimbo umtajao marehemu na matendo yake ni wa dunia, nao hauna faida. Wako wasemao tena kwamba Mkristo halii, bali imempasa kuimba furaha tu. (Sijui wameyasoma wapi, maana Bwana mwenyewe alilia machozi alipokwenda kaburini kwa Lazaro.)

Tumtazame Daudi. Sauli na Yonathani wameuawa katika mlima wa Gilboa, na jeshi la Israeli limekimbia. Habari yamfikia Daudi siku ya tatu. Anararua nguo zake, anafunga hata jioni, kisha anatunga wimbo, na kuagiza kwamba wana wa Yuda wafundishwe. Neno hili la kufundishwa tulishike, tutalirudia.

Sasa usomeni wimbo wenyewe polepole, mkatafute ndani yake jina la Mungu. Hamtaliona. Hamna sala, wala hamna ahadi ya ufufuo, wala mahubiri. Daudi anailaani milima isipate umande wala mvua. Anawaita binti za Israeli wamlilie mfalme aliyewavika nguo nzuri na mapambo ya dhahabu. Mwisho anamlilia Yonathani, ndugu yake wa moyo. Basi! Nao wimbo huu umo katika Maandiko Matakatifu. Roho wa Mungu hakuona vibaya tuwe na wimbo usemao tu, Tumepotewa na watu hawa, na hivi ndivyo walivyokuwa.

Tena liko jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Sauli alikuwa amemwinda Daudi miaka mingi, akamtupia mkuki nyumbani mwake. Katika wimbo mkuki ule hautajwi. Lakini angalieni pia kwamba Daudi hasemi uongo. Hasemi kwamba Sauli alikuwa mwenye haki, wala kwamba alimtii Bwana. Asema alikuwa na nguvu, alipendwa, na aliwavika wanawake wa Israeli. Na hayo yote yalikuwa kweli. Katika nchi yenye vyama vingi, kiongozi afapo, wako waliompenda sana na wako walioumia katika siku zake, nao huketi mkeka mmoja. Mtunzi wa wimbo ajifunze kwa Daudi: ataje wema uliokuwako, asizushe usiokuwako, wala asilipe kisasi juu ya jeneza.

Habari ya Yosia yatuonyesha kwamba jambo hili halikuwa la Daudi peke yake. Mfalme huyo alipigwa mshale Megido, akafa, na nchi yote ikamlilia. Yeremia alimtungia maombolezo, na waimbaji, wanaume kwa wanawake, wakaendelea kumtaja katika nyimbo zao, hata ikawa desturi katika Israeli. Sisi tulio watu wazima tumeona mfano wake. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo, nyimbo za Kapteni John Komba na kikundi cha Tanzania One Theatre zilisikika nchini kote. Hazikuwa nyimbo za ibada. Walakini watu walizilia, kwa sababu zilisema kwa sauti yale ambayo kila mmoja aliyabeba kifuani bila maneno. Sioni kosa ndani yake. Na Mwalimu mwenyewe, kama wengi wajuavyo, aliziweka Injili katika tenzi za Kiswahili, zikatolewa mwaka 1996; alijua kwamba neno lenye vina hukaa moyoni kuliko neno tupu.

Wimbo hufanyaje kazi hii? Kilio huikata pumzi. Wimbo huirudisha, kwa kuwa mstari una mahali pa kuanza na mahali pa kupumzika. Kitabu cha Maombolezo kimetungwa hivyo: sura nne kati ya tano zafuata herufi 22 za Kiebrania kwa taratibu yake, kana kwamba mji umebomoka lakini herufi bado zimesimama. Tena mwenye msiba aweza kunyamaza, na wimbo usikome. Kiongozi huanza, wengine huitikia, naye mjane huingia atakapoweza, au asiingie kabisa; wenzake wamembebea.

Hapo ndipo niona hasara kubwa katika misiba yetu ya siku hizi bondeni. Vipaza sauti hukodiwa, na nyimbo zilizorekodiwa hulia usiku kucha, huku waliokuja kufariji wakiketi na kuzungumza bei ya mpunga. Mashine haimbebi mjane. Tena humfunika jirani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, mahali wapitapo wasafiri wengi wa Ifakara, walikufa watu zaidi ya 100, na taifa likaomboleza siku tatu. Moto haukuwabagua Wakristo na Waislamu. Jirani zetu Waislamu wana dua zao na utulivu wao makaburini, na katika msiba wa watu wote si adabu kuwazidi kwa kelele. Koo za watu huweza kushushwa zikihitajika kushushwa. Mtambo hungoja mwenye kuuzima, naye mara nyingi amelala.

Nalijua jibu la wanakwaya: watu hawazijui nyimbo. Ni kweli. Wengi twajua ubeti wa kwanza, na katika wa pili twaguguma tu. Ndiyo maana Daudi aliagiza wimbo ufundishwe. Siku ya msiba hakuna awezaye kujifunza. Basi walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya wachague nyimbo chache, tatu zatosha, wazifundishe beti zote kwa moyo, bila kitabu, na wazee wawepo wakisikia, kwa maana wao ndio watakaoanzisha usiku ule umeme ukikatika.

Naomba mmojawapo uwe wa Zaburi ya 130, ambayo ina mistari minane tu. Martin Luther aliigeuza kuwa wimbo wa Kijerumani, ukapigwa chapa mwaka 1524. Mwaka uliofuata alifariki Frederick, mtawala wa Saxony, katikati ya vita vya wakulima, nchi ikiwa imejaa hofu, na wimbo huo ukaimbwa katika maziko yake. Na mwaka 1546, mwili wa Luther mwenyewe ulipopitishwa Halle kupelekwa Wittenberg, watu wa mji waliuimba tena, huku wakilia. Hapakuwa na haja ya kuwafundisha. Walikuwa wakiuimba tangu miaka ishirini na zaidi.