Kusomea Mawasiliano Chuo Kikuu

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Sita aliniuliza: "Mwalimu, kila mtu ajua kusema. Yawaje mtu, baada ya shahada ya kwanza, arudi tena chuo kikuu kusomea mawasiliano?" Wenzake walicheka, lakini swali lake ni jema. Nalijibu hapa ili na wazazi wasome.

Shahada ya kwanza humfundisha mtu kazi zenyewe, kama vile kuandika habari na kutangaza redioni. Shahada ya pili na ya tatu humtaka aulize: habari ile ilipofika, ilifanya nini? Tena ajibu kwa ushahidi, si kwa kudhani. Elimu hii ni changa. Wilbur Schramm alianzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1947.

Nitatoa mfano mmoja ambao hufundishwa mpaka leo. Katika jimbo la Iowa, huko huko Marekani, ilitokea mbegu mpya ya mahindi iliyozaa kuliko ile ya zamani. Hata hivyo, wakulima wengi walikawia miaka kadhaa kabla ya kuikubali. Neal Gross, aliyekuwa akisomea shahada ya pili, aliwaendea wakulima kuwahoji, akiongozwa na mwalimu wake Bryce Ryan. Mwaka 1943 walitoa matokeo yao juu ya wakulima 259. Wengi walisikia habari za mbegu kwanza kwa wauzaji. Lakini waliowavuta zaidi kuipanda ni majirani zao. Basi, kusikia ni jambo moja, na kukubali ni jingine.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa aibu. Niliandika ubaoni kwamba mwanafunzi asinywe maji yasiyochemshwa. Wote walisoma, na wadogo wakaendelea kunywa bombani. Nikakasirika, nikaliandika tena kwa herufi kubwa. Mwisho nikauliza, na kijana mmoja akanijibu: "Mwalimu, yaliyochemshwa huisha kabla sisi wa Kidato cha Kwanza hatujafika." Tangazo langu halikuwa na kosa la sarufi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuuliza.

Kwa hiyo, anayetaka kusomea mawasiliano na aanze sasa. Ajue lugha vizuri, asikimbie hesabu, maana utafiti una takwimu nyingi, na zaidi ya yote ajizoeze kumsikiliza yule anayetaka kumwambia neno.