Changa Silabi Kama Karata

Pita karibu na darasa la kwanza lolote mwezi wa tatu, utaisikia: "Ba, be, bi, bo, bu!" Sauti zinapanda kwa pamoja, fimbo ya mwalimu inatembea ubaoni, na mgeni anaondoka akiamini kwamba watoto wanasoma. Nami niliamini, mpaka siku nilipomwita mbele mmoja wa waimbaji wangu hodari nikamwekea fimbo kwenye "bo" peke yake. Akanyamaza. Kisha midomo yake ikaanza kucheza polepole: ba, be, bi... "Bo!" Hakuwa amesoma, alikuwa amehesabu. Ndipo nikakumbuka kwamba wakati wa kuimba macho yake hayakuwa ubaoni kabisa. Yalikuwa juu, kwenye kenchi.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: mtoto akishaujua mpangilio, uvuruge. Mcheza karata hagawi kabla ya kuchanga, kwa sababu karata zikikaa kwa mpangilio kila mtu anajua ipi inafuata. Silabi ni vivyo hivyo. Mchezo unafurahisha, lakini faida yake kubwa kwa anayejifunza kusoma ni hii: hakuna anayejua silabi gani inakuja, kwa hiyo jicho halina budi kufanya kazi.

Michezo ifuatayo inawafaa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la pili. Nimeicheza katika darasa la watoto zaidi ya 80, kwa vifaa vya kuokota.

Sikio kwanza

Kiswahili kimetupa bahati. Maneno yake yanakatika vizuri, silabi nyingi zinaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Mtoto anayesikia vipande vya neno amekwishafika nusu ya safari kabla hajashika penseli.

Anza na makofi ya majina. Kila mtoto anataja jina lake huku akilipigia makofi: Ju-ma, mawili, Re-he-ma, matatu. Kisha wenye makofi mawili wakae upande huu, wenye matatu upande ule. Maneno kama "mtu" yataleta ubishi: kofi moja au mawili? Ni mawili, kwa sababu m yake inasimama yenyewe. Acha wabishane kidogo kabla ya kuwaambia, wanaobishana wanasikiliza.

Wakizoea, wafundishe kinyume. Huu ni mchezo wa siku nyingi wa watoto wa Pwani, wa kuzungumza ili wasioujua wasielewe: silabi ya mwisho inaletwa mwanzo wa neno. "Kuku" halibadiliki. "Paka" linakuwa "kapa", wanacheka. Kisha watupie maneno ambayo yakigeuzwa yanazaa neno jingine: kata, taka, lima, mali, mate, tema, mila, lami. Mtoto anayeweza kugeuza "lima" kichwani mwake ameshaelewa kwamba neno ni vipande vinavyohamishika. Ukifika wakati wa kumwonyesha "li" na "ma" kwa maandishi, atakuwa anakutana na watu anaowafahamu.

Wakati wa michezo hii tega sikio. Wanaochanganya l na r, au dh na z, mara nyingi wametoka na mazoea hayo katika lugha ya nyumbani. Usiwacheke wala usiwazomee. Waandike pembeni, uwape maneno yenye sauti hizo mara nyingi zaidi ya wenzao.

Kutengeneza visoda

Visoda, vile vizibo vya bati vya chupa za soda, ndivyo karata zetu. Mwombe mwenye duka la vinywaji akuwekee ndoo moja. Baada ya wiki mbili itajaa.

1. Vioshe, kisha gonga kingo zake kwa nyundo mpaka makali yalale. Usiruke hatua hii, kingo za kisoda zinachana vidole.
2. Kata karatasi ngumu za duara zinazoenea ndani ya kisoda. Boksi la biskuti linatosha.
3. Andika silabi moja kwa maka peni, herufi ndogo, na upige mstari chini yake. Mstari huo una kazi: kisoda kikigeuka juu chini, u inafanana na n, na m inakaribia kuwa w. Mtoto ataambiwa, "Mstari ukae chini, upande wa tumbo lako."
4. Bandika kwa gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Acha vikauke kivulini.

Usianze na alfabeti nzima. Chukua irabu tano na konsonanti nne: m, k, t, l. Hapo una silabi 20 pamoja na irabu 5, jumla 25. Tengeneza kila moja mara mbili, maana bila "ku" mbili hupati kuku. Kundi moja linahitaji visoda 50, na kwa hivyo tu mtoto anaweza kujenga mama, kaka, kiti, meli, moto, tamu, kilima, tikiti, kokoto, maua na mengine mengi. Baadaye ongeza n, s, b, p. Herufi mbilimbili kama ch, sh na ny zifuate, kisha mb, nd na nj. Ng' ya ng'ombe iwe ya mwisho, ikae jirani na ng ya ngoma ili watofautishe.

Na konsonanti itamke kama inavyosikika. Ukimwambia mtoto kwamba hii ni "em", usishangae akisoma "em-a". Funga midomo, vuta "mmm", kisha uifungulie "a".

Michezo ya visoda

*Kuvua.* Visoda vya chupa za soda ni vya chuma, kwa hiyo vinanasa kwenye sumaku. Vunja spika ya redio mbovu, toa sumaku, ifunge kwa uzi kwenye kijiti. Mwaga visoda katika beseni kavu. Mtoto anavua, anasoma alichokipata. Akikisoma ni samaki wake. Akishindwa, mwenzake anamtajia, yeye anarudia kwa sauti, na kisoda kinarudi besenini. Asiadhibiwe. Samaki aliyemponyoka atakutana naye tena baada ya zamu chache, na safari hiyo atamkumbuka.

*Jenga neno.* Kundi linamwaga visoda vyote mkekani na kuunda maneno. Sharti ni moja: neno halivunjwi mpaka kila mmoja ameliandika kwenye daftari lake. Hapa kusoma kunazaa kuandika bila mwalimu kusema "sasa toeni madaftari". Nakuonya mapema kwamba siku moja kundi fulani litaunganisha "ta" na "ko", kisha litaanguka kicheko. Usiwake. Mtoto aliyetunga neno la aibu bila kuonyeshwa amesoma kwelikweli. Mwambie alibomoe, aunde jingine refu zaidi.

Uwanjani

Chora miraba 12 ardhini, mitatu kwa minne, kila mmoja ukitosha miguu miwili ya mtoto. Andika silabi ovyo, bila mpangilio wa a, e, i, o, u. Mpigaji mbiu anaita "kilima!" na mrukaji anaruka ki, li, ma. Wakishazoea, geuza mchezo: mrukaji aruke kimya, na waliosimama pembeni wasome neno kutoka kwenye miguu yake. Namna hii ya pili ndiyo bora, kwa sababu anayeruka ni mmoja lakini wanaosoma ni wote. Chora viwanja vinne ili foleni isiwe ndefu. Mtoto anayesubiri zamu dakika kumi ameshaanza mchezo wake mwingine.

Mkono nao una kumbukumbu

Vidole vya darasa la kwanza vinachoka haraka kwenye penseli. Vipe kazi kubwa kwanza: kufinyanga herufi kwa udongo, kuichora mchangani kwa kidole, kuichora hewani kwa mkono mzima. Sisitiza pa kuanzia, maana herufi nyingi huanzia juu kushuka, na mkono uliozoea kuanzia chini ni kazi kuubadilisha darasa la tatu.

Mchezo unaopendwa kuliko yote ni wa mgongoni. Watoto sita wanakaa mstari mmoja, wote wakitazama mbele. Wa nyuma anaonyeshwa herufi kimyakimya, anaichora kwa kidole mgongoni mwa aliye mbele yake, naye anaipeleka mbele. Wa kwanza anaiandika ardhini. Ilianza "t", imefika "l". Imepotelea wapi? Wanarudi nyuma mgongo hadi mgongo kuitafuta, na katika kutafuta huko kila mmoja anaichora tena.

Darasa la watoto 80

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, walimu wengi wa Tanzania tumejikuta na madarasa yaliyofurika. Michezo inawezekana, lakini inataka utaratibu.

Gawa darasa makundi ya wanane au tisa, kila moja na kiongozi anayebadilika kila wiki. Usianzishe michezo minne siku moja. Fundisha mmoja mpaka waucheze bila wewe, ndipo uongeze wa pili. Katika kipindi cha dakika 30, tumia tano kueleza, 15 kucheza, tano kukusanya visoda na kuvihesabu, na tano za mwisho kusoma pamoja maneno waliyoyapata. Weka ishara moja ya kunyamaza, makofi matatu kwa mfano, na usiibadilishe. Kundi lisilofikisha visoda 50 halitoki mpaka kilichopotea kimepatikana. Mara nyingi kiko mfukoni mwa mtu.

Wakati wanacheza, wewe usikae. Kila siku ita watoto watano, mmoja mmoja, kando ya meza. Mwekee visoda kumi vilivyochangwa, avisome. Andika alivyoshindwa. Kwa watoto 80 utamaliza mzunguko katika siku 16 za masomo, na utajua bila mtihani nani amekwama wapi.

Wazazi watauliza. Bibi mmoja alinifuata shuleni na kisoda mkononi. "Mwalimu, mjukuu wangu kila siku anaokota hivi. Mnawafundisha au mnacheza?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Karibu ukae, ujionee." Aliketi nusu saa. Alipowasikia watoto kwenye kinyume akawajibu kwa kinyume, haraka kuliko wote. Siku hizi mjukuu wake anasoma silabi huku wakichambua mchele. Mzazi hahitaji kitabu ili asaidie. Anahitaji kuonyeshwa mchezo.

Darasa la pili: maneno na vitendawili

Silabi zikishakaa, changa maneno. Andika "Juma amekula ugali" kwenye vipande vitatu vya boksi, vivuruge, wavipange. Atakayepata "Ugali amekula Juma" atachekesha darasa, na kicheko hicho ni ushahidi kwamba wanaelewa wanachokisoma. Kisha kila kundi litunge kitendawili chake, likiandike, na likitege kwa kundi jingine kwa kukisoma.

Siku moja nami niliwategea cha kwangu. "Kitendawili!" "Tega!" "Mama ana watoto watano. Mgeni hatembei mtaa huu mpaka amshike mmoja wao mkono." Walifikiri muda mrefu. Mwishowe nikadai mji, wakanipa Mwanza, nami nikatoa jibu: irabu. Konsonanti haitembei bila irabu.

Mkono ukanyooshwa kutoka nyuma. Alikuwa yule mwimbaji wangu wa "bo", sasa yuko darasa la pili. "Mwalimu, m ya mtu haijamshika mtoto yeyote. Inatembea peke yake."

Nikatazama ubaoni. Kweli, ilikuwa peke yake. Wakanidai mji darasa zima, nikawapa Tanga.