Malindi, Mji wa Bahari na Wageni

Katika pwani ya Kenya, yapata maili 75 kaskazini ya Mombasa, upo mji wa Malindi, karibu na mahali ambapo mto Sabaki huingia baharini. Watu wengi wa bara huujua kwa starehe zake tu, yaani hoteli, mchanga mweupe, madafu na upepo. Lakini Malindi ni mji wa kale sana. Mara mbili umetajirika na mara mbili umeanguka, na utajiri ulio nao sasa ni wa mara ya tatu. Kwa hiyo yafaa kujua ni nini kilichouinua na ni nini kilichouangusha.

Utajiri wa kwanza ulitokana na majahazi. Pepo za kaskazi zilileta wafanya biashara kutoka Arabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi ziliwarudisha kwao. Sifa za mji zilifika hata Uchina, kwani kumbukumbu za huko zataja wajumbe wa Malindi waliompelekea mfalme wa nchi hiyo twiga katika mwaka 1415. Twiga huyo alistaajabiwa mno, na wengine walimdhania kuwa mnyama wa heri anayesimuliwa katika hadithi zao.

Hata mwezi wa Aprili mwaka 1498 akaja Vasco da Gama, Mreno aliyekuwa akiitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Mombasa alikuwa amepokewa kwa uadui, lakini Malindi alipokewa kwa heshima, akapewa vyakula na rubani wa kumvusha bahari. Yasidhaniwe kwamba mfalme wa Malindi alifanya hayo kwa ukarimu mtupu. Mombasa na Malindi walikuwa mahasimu, naye alitaka rafiki mwenye mizinga. Msalaba wa jiwe la Ureno waliouweka Wareno wasimama hata leo juu ya mnara mweupe, kwenye rasi iliyo kusini ya mji, na ni nadra mgeni kuondoka bila kuutazama.

Urafiki huo ulidumu karibu miaka 100, kisha ukageuka kuwa hasara. Wareno walipoishinda Mombasa waliona kwamba bandari yake ni bora kuliko ya Malindi. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko, na mfalme wa Malindi akahamia Mombasa pamoja nao. Mji wake ulipungua mwaka hata mwaka, mwisho ukawa magofu na vichaka.

Utajiri wa pili ulianza mwaka 1861, Sayyid Majid wa Unguja alipoufufua mji. Udongo wa Malindi ni mzuri, na kwa muda mfupi mashamba ya mtama na ufuta yalienea pande zote, na majahazi yakapakia nafaka kwa wingi. Lakini waliolima walikuwa watumwa. Wengi wao walitoroka wakajenga vijiji vyao huko bara, na utumwa ulipopigwa marufuku na sheria mwaka 1907 mashamba yale yalikosa watu wa kuyalima. Mji ukaanguka mara ya pili, na haki ilikuwa hivyo.

Katika miaka ya 1930 zilijengwa hoteli za kwanza. Zilijengwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu, hasa walowezi wa bara waliotaka kupumzika na kuvua samaki wakubwa kama sulisuli. Mwandishi Ernest Hemingway alivua huko mwaka 1934. Mwafrika alikuwa mpishi, mtumishi au baharia, hakuwa mgeni. Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Jamaa za Kiafrika kutoka Nairobi na kwingineko huja kupumzika pia, hasa wakati wa sikukuu. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga huko Ngomeni, kaskazini ya mji, kituo cha kurushia roketi kilichosimama baharini. Wengine wao waliipenda nchi wakabaki, na tangu hapo si ajabu kumsikia kijana wa Malindi akiuza vinyago kwa Kiitaliano fasaha.

Mambo ya kutazama ni mengi. Kiasi cha maili 10 kusini ya mji yapo magofu ya Gedi, mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, wenye jumba la mfalme, misikiti, visima virefu, na kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, ndio mwaka 1399. Wachimbaji walikuta humo vyombo vya kauri vya Uchina. Watu wake waliuhama katika karne ya 17 au kabla yake kidogo. Wengine husema sababu ni vita, wengine husema ni visima kukauka. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Karibu nayo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako tangu mwaka 1993 wakulima wa kandokando hufuga viwavi na kuuza vipepeo wao ng'ambo, hata msitu ukawa na faida pasipo kukatwa.

Lakini fahari kuu ya Malindi iko chini ya maji. Mwaka 1968 sehemu za bahari za Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi ya taifa, ambamo hairuhusiwi kuvua wala kuchukua kombe. Mgeni hukodi mashua, akavaa miwani ya maji, akaona samaki wa kila rangi wakizunguka matumbawe. Matumbawe si mawe tu. Hujengwa na viumbe hai vidogo sana. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na mengi yalikufa.

Adui mwingine hutoka mbali. Mto Sabaki huanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupita Ukambani, hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, ndipo hufika baharini ukiwa mwekundu kwa udongo. Wakati wa kusi mkondo wa bahari huupeleka udongo huo kaskazini. Wakati wa kaskazi huuleta Malindi, ukafunika matumbawe na kuyatia maji weusi; na kaskazi ndiyo majira ambayo wageni huja kwa wingi. Baharia wa Malindi hana awezalo kufanya juu ya jambo hilo, kwa kuwa udongo huo ni wa shamba la mtu mwingine.

Huko Machakos, watu walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta, nao waliichukia kazi hiyo kwa sababu ya amri. Baada ya uhuru wengi waliichimba tena kwa hiari yao, walipoona kwamba shamba lenye matuta huhifadhi maji na kuzaa zaidi. Kila tuta lililochimbwa vizuri huko hubakisha juu ya kilima udongo ambao ungesafiri mamia ya maili hadi kwenye matumbawe ya Malindi.