Kabla Hujanunua Gari Houston: Basi, Baiskeli na Hesabu ya Mwezi

Mtu anapohamia Houston, Texas, awe ametoka Bukavu, Kigoma, Bujumbura au Mombasa, ushauri wa kwanza anaopewa na waliomtangulia ni huu: tafuta gari. Wanaomshauri hivyo hawamdanganyi. Mji huu ulijengwa kwa ajili ya magari. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 1,600, makazi yametapakaa kila upande, na barabara kuu ya Katy inayoelekea magharibi ina sehemu zinazofikia njia 26 ukijumlisha zile za pembeni.

Ila ushauri huo una mambo mawili unayoyaacha. Hauelezi gari litakula kiasi gani cha mshahara. Tena hausemi kwamba ukipanga nyumba mahali panapofaa, unaweza kuishi miezi ya mwanzo, hata miaka, kwa basi na baiskeli. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Gari linagharimu kiasi gani hasa?

AAA ni chama cha wenye magari cha Marekani, na kila mwaka hupiga hesabu ya gharama za kumiliki na kuendesha gari jipya. Kwa mwaka 2024 kilipata wastani wa dola 12,297, yaani zaidi ya dola 1,000 kila mwezi. Humo mna mafuta, bima, matengenezo, matairi, usajili, riba ya mkopo na kushuka kwa thamani, kwa sababu gari ulilonunua leo, mwakani halitauzika kwa bei uliyolipa. Gari lililokwisha kutumika hupunguza kiasi hicho, lakini linaweza kukurudisha gereji mara kwa mara.

Wageni wengi huhesabu mkopo na mafuta, kisha bima ikawashtua. Sheria ya Texas inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kuwafidia wengine akisababisha ajali. Kima cha chini ni dola 30,000 kwa kila mtu aliyeumia, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali hiyo, na dola 25,000 kwa mali iliyoharibika. Fedha hizo hulipwa na kampuni ya bima. Wewe unalipa ada yako, na kwa dereva mwenye leseni mpya ada hiyo mara nyingi huwa kubwa. Ukikamatwa huna bima kwa mara ya kwanza, faini ni kati ya dola 175 na 350, mbali na gharama za mahakama.

Leseni yenyewe si ghali, ni dola 33. Hata hivyo, mwenye umri wa miaka 18 hadi 24 lazima kwanza amalize kozi ya udereva ya watu wazima ya saa 6.

Nikilinganisha na basi, tofauti ni kiasi gani?

Tuseme kazini kwako ni maili 15, karibu kilomita 24. Kwenda na kurudi ni maili 30. Kwa mwaka 2025 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, iliweka kiwango cha senti 70 kwa kila maili ya gari linalotumika kwa biashara, kikijumuisha mafuta, bima na uchakavu. Kwa kiwango hicho, siku moja ya kazi ni dola 21. Nauli ya kawaida ya basi la mjini ni dola 1.25 kwa safari, kwa hiyo kwenda na kurudi ni dola 2.50.

Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, gari ni dola 462 na basi ni dola 55. Tofauti ni dola 407. Kwa familia inayoanza maisha, hiyo ni sehemu kubwa ya kodi ya nyumba, au ni fedha za kuwatumia wazazi nyumbani bila kukopa.

Basi nalo lina gharama yake, nayo ni muda. Safari ya dakika 25 kwa gari inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwa basi, hasa ukibadilisha njiani. Ndiyo maana swali linalofuata ndilo muhimu kuliko yote.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye nyumba. Ukishasaini mkataba wa mwaka mzima mahali pasipo na basi, gari linakuwa lazima, upende usipende.

Mabasi na treni za mjini huendeshwa na shirika la umma liitwalo METRO. Mwezi Agosti 2015 shirika hili lilipanga upya njia zake za mabasi na kuzitia rangi kwenye ramani ili msafiri ajue atasubiri kwa muda gani. Kwenye njia nyekundu basi hupita kila dakika 15 au pungufu, siku zote saba za wiki. Njia za buluu ni kama kila nusu saa, na za kijani ni kama kila saa. Ratiba hizo ni za mchana. Usiku mabasi hupungua. Njia ya 82, inayofuata barabara ya Westheimer, ni mojawapo ya nyekundu.

Unapoonyeshwa nyumba, usiishie kuuliza kodi. Uliza kituo cha basi kiko umbali gani kwa miguu, na uende ukakione. Tazama njia hiyo ina rangi gani. Angalia kama inakufikisha kazini moja kwa moja au kwa kubadilisha mara moja tu. Hakikisha kuna njia ya waenda kwa miguu, maana mitaa mingi haina. Mwisho, uliza basi la mwisho hupita saa ngapi. Nyumba yenye kodi ndogo kwa dola 100 lakini isiyo na basi itakugharimu zaidi ukishalazimika kununua gari.

Basi la hapa linapandwaje?

Kwanza, hakuna konda. Hakuna wa kukuita, wala basi halingoji lijae. Linafuata ratiba, na usipoonekana kituoni dereva anapita. Fika dakika tano kabla, simama karibu na kibao, na basi likikaribia inua mkono.

Kwenye kibao kuna namba ya kituo. Itume kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 697433, nawe utajibiwa mabasi yanayofuata yatafika lini. Unaweza pia kupiga 713-635-4000 kuuliza njia, ratiba au nauli. Bei hubadilika, kwa hiyo thibitisha kabla ya kupanga bajeti.

Ukilipa fedha taslimu, uwe na kiasi kamili kwa sababu mashine haitoi chenji. Afadhali upate kadi ya nauli ya METRO au utumie programu yake ya simu. Faida yake ni kubwa: ukishalipa dola 1.25, unaweza kubadilisha mabasi na treni kwa saa 3 bila kulipa tena. Anayelipa taslimu hapati nafasi hiyo, hulipa upya kila anapopanda.

Ukikaribia kushuka, vuta kamba iliyopita dirishani au bonyeza kitufe. Kengele italia na dereva atasimama kituo kinachofuata. Ukiwa mgeni, mwambie dereva unakoshukia tangu unapopanda, na uketi mbele.

Wanafunzi, watu wenye ulemavu na wazee wa miaka 65 hadi 69 hulipa nusu nauli wakiwa na kadi maalumu. Waliofikisha miaka 70 husafiri bure, nao pia wanahitaji kadi yao. Iombe mapema METRO.

Na treni?

Treni ya mjini ina njia tatu. Ile nyekundu, iliyoanza mwaka 2004, hupita katikati ya mji hadi Texas Medical Center, eneo la hospitali nyingi ambako wageni wengi hupata kazi za usafi, jikoni na uuguzi. Nauli ni ileile. Lipa kabla ya kupanda, kwa mashine iliyoko kituoni, kadi au simu. Usidhani kwamba treni ni ya bure kwa kuwa hakuna aliyekuzuia mlangoni. Wakaguzi hupita ndani, na asiyelipa hutozwa faini.

Nivukeje barabara salama?

Aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda amezoea magari yanayopita kushoto. Hapa yanapita kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi. Ukitaka kuvuka, gari lililo karibu zaidi litatokea kushoto kwako, kwa hiyo tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Na basi la kurudi nyumbani utalipandia ng'ambo ya barabara.

Jambo jingine: Texas inamruhusu dereva kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza na apishe waliopo. Madereva wengi wakati huo huangalia magari, si watu. Hata taa ya kuvuka ikikuruhusu, mtazame dereva usoni kabla ya kuingia barabarani.

Baiskeli inafaa?

Inafaa kwa safari fupi, na inafaa zaidi ikishirikiana na basi. Kituo kikiwa maili mbili kutoka nyumbani, kwa miguu ni dakika 40, kwa baiskeli ni kama dakika 12.

Sheria ya Texas inampa mwendesha baiskeli haki na wajibu sawa na wa dereva. Endesha upande wa kulia ukielekea yanakoelekea magari, kamwe usiende kinyume nayo, na simama kwenye taa nyekundu. Usiku lazima uwe na taa nyeupe mbele inayoonekana umbali wa futi 500, karibu mita 150, na kiakisi chekundu au taa nyekundu nyuma. Vaa kofia ngumu. Nunua kufuli la chuma nene lenye umbo la U, na ufunge fremu pamoja na gurudumu, kwa sababu waya mwembamba hukatwa upesi.

Epuka barabara pana zenye magari ya kasi. Pita mitaa ya ndani. Houston pia ina njia za baiskeli na waenda kwa miguu kando ya mito yake midogo, inayoitwa bayou. Njia ya Brays Bayou, kwa mfano, inatoka kusini-magharibi na kupita karibu na eneo la hospitali. Baada ya mvua kubwa usizitumie, kwa kuwa hufurika.

Mbele ya mabasi ya mjini kuna chuma cha kubebea baiskeli mbili, bila malipo. Basi likisimama, mwonyeshe dereva ishara kwamba unapakia. Minya mkono wa chuma hicho, ukishushe, inua baiskeli uingize magurudumu kwenye mfereji wake, kisha vuta ndoano ikamate gurudumu la mbele. Unaposhuka, mwambie dereva, "Nachukua baiskeli," ushukie mlango wa mbele, na upite mbele ya basi anapokuona. Chuma kikiwa kimejaa, utalazimika kungoja basi jingine, kwa hiyo toka mapema.

Joto na mvua je?

Kiangazi joto hufikia nyuzi 35 na kuzidi, na unyevu ni kama wa pwani. Beba maji na kofia, na uweke nguo za kazi kwenye mfuko. Mvua kubwa ikinyesha, barabara hujaa maji kwa muda mfupi. Usipite kwenye maji yanayotembea, uwe kwa miguu, baiskeli au gari. Houston watu wamepoteza maisha ndani ya magari yao kwa kudhani maji ni machache.

Lini gari ni la lazima?

Kuna wanaolihitaji kweli. Ukifanya kazi zamu ya usiku wakati mabasi yamekwisha, ukiwa na kazi kwenye maghala ya nje ya mji, au ukiwa na watoto wa kupeleka shule mbili tofauti kabla ya kazi, gari litakusaidia na huna sababu ya kujilaumu.

Hata hapo kuna njia za kupunguza mzigo. Mke na mume wanaweza kushirikiana gari moja, mwingine akatumia basi. Wafanyakazi wanaotoka mtaa mmoja wanaweza kuuliza METRO kuhusu mpango wake wa STAR wa kuchangia gari la pamoja. Anayeishi mbali anaweza kuegesha kwenye kituo kilichoandikwa Park & Ride, kisha akapanda basi linaloingia mjini kwa njia maalumu; nauli yake ni kubwa kuliko ya mjini na hutegemea umbali.

Nifanye nini wiki hii?

Andika anwani ya kazi na ya nyumba, kisha uzitafutie njia kwenye ramani ya METRO. Pata kadi ya nauli. Siku ambayo huna kazi, ifanye safari yote saa ileile ambayo ungeenda kazini, ukihesabu dakika kutoka mlangoni hadi mlangoni. Halafu tumia basi kwa wiki nne, na kila wiki weka kando fedha ambazo ungelipia gari.

Mwezi ukiisha utakuwa na mambo mawili mkononi: muda halisi wa safari yako na akiba halisi uliyopata. Ukiamua kununua gari baada ya hapo, utakuwa na fedha za kuanzia na utakopa kidogo. Ukiamua kuendelea na basi, utakuwa umejua kwa nini. Muuza gari akikuharakisha usaini leo, mwambie hesabu yako haijakamilika.