Dondoo muhimu: Mafuta ya nazi jikoni

Yakiganda usiyatupe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa iliyotoka Tanga ikiwa maji hufika Lushoto mwezi Julai imekuwa nyeupe kama samli. Yahifadhi kwenye kopo la mdomo mpana. Chupa ya soda itakutesa asubuhi ya baridi. Ukikwama, itumbukize kwenye bakuli la maji ya moto, usiibandike jikoni.

Adui wa mafuta haya ni maji. Kijiko kimoja chenye unyevu kinatosha kuyaharibu. Ukiyapika mwenyewe kwa tui, usiwe na haraka ya kuepua: ngoja mlio wa chirichiri ukome, povu liishe na masalia ya chini yawe ya kahawia. Chuja kwa kitambaa kikavu, kisha yaache yapoe kabisa kabla ya kufunika, la sivyo mvuke utageuka matone chini ya kifuniko. Kabati lenye giza linatosha, friji si lazima. Yakianza kunuka uvundo au kuwasha kooni, mwaga.

Yale yenye harufu ya nazi huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 175, basi moto uwe wa wastani. Vitumbua ndipo mahali pake hasa: kijiko kidogo kila shimo, yapate moto, ndipo umimine uji. Kwa kukaanga samaki wengi, yaliyosafishwa kiwandani hustahimili zaidi, ingawa harufu hutaipata. Mchicha mimi huutilia kijiko kimoja nikishaepua.