Neno "Mzinga" Latoka Wapi?

Wako watu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, na kwamba Mrundi akikisema huazima kila neno, hasa majina ya silaha. Neno hili si dogo kwetu Muhuta, maana kando ya ziwa hili wako wanaodharauliwa kwa sababu ya kukisema tu. Basi na tuyachunguze majina yenyewe.

Kweli, mengine yametoka mbali. Baruti na risasi tumeyapata kwa Waarabu. Bunduki nayo ni yao, na safari yake ni ndefu. Wayunani wa kale waliita kokwa fulani kwa jina la Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Waarabu wakalitamka bunduq, kisha wakaviita hivyo vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde, kwa kuwa vilifanana na kokwa hizo. Ilipokuja baruti, jina likahamia kwenye silaha mpya.

Lakini silaha iliyo kubwa kuliko bunduki haikuazima jina. Mzinga kwanza ni nyumba ya nyuki. Pwani ya Bahari ya Hindi hukatwa gogo, likatobolewa ndani, likatundikwa mtini. Huku kwetu mzinga husukwa kwa vijiti, ukakandikwa. Namna zote mbili ni kitu kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani. Watu wa pwani walipoona chuma cha umbo lilo hilo kimelazwa juu ya ukuta wa ngome, jina walikuwa nalo tayari. Nadhani hata ukali wa kinachotoka humo ulisaidia, ingawa hilo ni wazo langu mwenyewe.

Sasa mwulize mzee yeyote wa milimani, asiyejua Kiswahili hata kidogo, nyuki wake wanakaa wapi. Atakujibu: umuzinga. Waganda husema omuzinga, nao pia huliita hivyo lile lipigalo kwa kishindo. Neno hili halikuletwa na jahazi.

Ziwa letu limewahi kubeba mzinga mmoja mashuhuri. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 Wajerumani waliutoa katika manowari Königsberg, wakaufunga juu ya meli Graf von Götzen, ambayo mwaka 1927 ilipewa jina la Liemba. Tundu lake lilikuwa la milimita 105. Nyuki wa huku wangeliona finyu.